Alama Ambayo Sikuiandika

Saa nne na dakika kumi na mbili asubuhi, siku ya Jumamosi, mwalimu mkuu alishusha kitambaa cheupe, na baiskeli kumi na nne zikaondoka mbele ya kambi ya barabara. Niliandika saa hiyo juu ya ukurasa wa daftari langu nikaipigia mstari kwa rula. Mashindano yalikuwa yaanze saa moja, kabla jua halijapanda. Lakini mgeni rasmi alikuwa anatoka kisiwa cha ng'ambo kwa boti, boti ikachelewa, na hakuna aliyethubutu kuanza bila yeye. Alipofika, alihutubia kwa nusu saa. Waendeshaji walimsikiliza wakiwa wamesimama, miguu yao ikibadilishana kwenye changarawe ya moto.

Nimeyakumbuka haya kwa sababu ya harufu. Majuzi nilikuwa Kililana, upande wa barabara inayoelekea bandarini, na lori la maji likapita likilowesha kipande ambacho bado hakijatiwa lami. Maji yalipogusa ile ardhi iliyochomwa na jua, harufu ikapanda, na nikajikuta nimesimama nikitafuta kalamu mkononi. Watu wa umri wangu waliokulia pande zile wataijua harufu hiyo. Kwangu mimi ni harufu ya Jumamosi moja, na sijawahi kuisimulia kwa ukamilifu.

Baba yangu alikuwa msimamizi wa kikundi cha matengenezo ya barabara. Tulihamia huko kutoka Ukambani nikiwa na miaka saba, na wakati ninaousimulia nilikuwa na tisa. Kambi yetu ilikuwa ya mabati, vyumba sita kwa mstari, na katika chumba cha mwisho aliishi Mutua, dereva wa greda, kijana wa kwetu ambaye alikula kwetu kila siku na kumwita mama yangu dada. Mutua ndiye aliyeanza mambo ya mashindano. Alikuwa na baiskeli nzito nyeusi kama walizokuwa nazo wote, ila yeye aliivua mkingamatope, keria na kengele, akasema sasa ni ya mbio. Mwaka huo wa kwanza watu walishindana kwa kelele tu. Mwaka wa pili, ndio huu ninaousimulia, wafanyabiashara walichanga, ikapatikana zawadi ya shilingi elfu tatu. Zawadi ilikuwa moja. Wa pili hakuwa na chake.

Baba alitengeneza utaratibu. Alikuwa mtu wa utaratibu, na nadhani hicho ndicho alichonirithisha. Mzunguko ulikuwa kilomita nne hivi: unatoka kambini kwa barabara kuu, unakata kulia kwenye njia ya mashamba, unapita kwenye mikorosho, unarudi kambini. Ilibidi kuzunguka mara kumi. Kwa sababu wenye nguvu wangewapita wanyonge na kuchanganyika nao, kila mwendeshaji alipewa mtoto wa shule wa kumwandikia. Tuliitwa makarani. Karani alikaa chini ya turubali na daftari, kalamu, ndoo ya maji na kikombe, na saa kubwa ya kambi ilitundikwa mbele yetu sote. Mtu wako akipita, unaweka alama moja, unaandika saa kando yake, unampigia kelele imebaki mizunguko mingapi, kisha unamnyoshea kikombe. Akiingia mzunguko wa mwisho, unasimama wima. Mwalimu mkuu alikuwa akiangalia ni karani gani amesimama, ndipo ajue ni nani wa kupungiwa kitambaa. Baba mwenyewe alikwenda kusimama kwenye njia panda kuzuia malori na punda, akatuachia kazi hiyo. Kabla hajaondoka alisema, "Daftari lenye kufutwafutwa silipokei. Andika mara moja, andika sawa."

Nilitaka kumwandikia Mutua. Tulipiga kura kwa vikaratasi na mimi nikampata Shee.

Shee alikuwa mtu wa Siyu, labda wa miaka ishirini na mitano, mwembamba, aliyekuwa akituletea mikate. Tajiri mmoja mwenye tanuri alimkodishia baiskeli kwa siku, na Shee alizunguka nayo na kapu la mikate kutoka alfajiri, kijiji hadi kijiji, hadi mji mdogo wa Hindi na kurudi. Kila mtu alijua anachokitaka katika mashindano yale, kwa kuwa hakuficha. Kulikuwa na baiskeli kuukuu ikiuzwa elfu tatu kwa fundi mmoja Mokowe, na Shee alikuwa ameshaitazama mara nyingi mpaka fundi akamwambia aache kuishikashika breki. Akiipata hiyo, mikate ingekuwa yake na faida ingekuwa yake.

"Bwana Mutua," alimwambia asubuhi ile wakingoja boti, "ukinishinda takupa mkate wa nazi bure wiki nzima."

"Na wewe ukinishinda?"

"Utanisukumia baiskeli hadi Hindi, nami nimekaa juu na kapu."

"Basi jifunze kutembea," Mutua akasema, "maana leo hiyo baiskeli ya tajiri itakatika vipande viwili."

Watu walicheka. Shee naye alicheka, kisha akaja kwangu akachuchumaa. "Wewe ndiye Bi Karani wangu? Haya. Nikiwa ndiani sitaweza kuhesabu, kitwa hupiga mbio pamoja na miguu. Utakalosema wewe ndilo nitakaloshika." Midomo yake ilikuwa imekauka kidogo na ilikuwa na weupe pembeni. Niliiona. Niliona kila kitu siku ile, na sikuelewa hata kimoja.

Mzunguko wa kwanza alipita saa nne na dakika ishirini na moja, wa tatu kwa nafasi. Niliweka alama, nikapiga kelele, "Bado tisa!" nikamnyoshea kikombe. Alitikisa kichwa akapita. Nikadhani ni mapema mno. Wa pili, vivyo hivyo. Wa tatu alinyanyua kiganja kama anayemzuia mtu anayetaka kumwongezea chai. Makarani wengine walikuwa wakipokewa vikombe vyao. Mutua alinyakua cha Kioko, akanywa nusu, nusu akajimwagia kifuani, akatupa kikombe nyuma, na Kioko akakimbia kukiokota kwa furaha kama aliyetupiwa kitu cha thamani. Mimi nilibaki nimenyosha mkono na kikombe kimejaa.

Wa nne, akakataa. Kioko alikuwa darasa moja na mimi. "Hatakunywa," akasema. "Hao hawanywi kwenye vyombo vyetu. Wanasema ni najisi."

"Nani alisema?"

"Kila mtu anajua. Kwa sababu ya nguruwe."

"Sisi hatujawahi kupika nguruwe."

"Unafikiri atauliza?"

Nilitaka kumbishia, lakini niliwahi kuwasikia wakubwa wakisemezana maneno ya namna hiyo jikoni, na mama akiwaambia wapunguze sauti. Nilikitazama kile kikombe. Kilikuwa cha bati la buluu chenye ua, na nilikuwa nimekisugua kwa mchanga mimi mwenyewe alfajiri ile. Haikunijia hata kidogo kwamba mtu angeweza kuwa na swaumu. Ramadhani ilikuwa imekwisha. Idi ilikuwa imepita. Nilikula vitumbua vya Idi nyumbani kwa Bi Rukia, jirani yetu, na nikapewa shilingi tano. Katika hesabu yangu mfungo ulikuwa umefungwa na kufunguliwa, na watu wote walikuwa wakila na kunywa kama sisi.

Wa tano, saa tano kasoro dakika mbili, Shee akawa wa pili, Mutua mbele yake. Jua lilikuwa limesimama juu ya turubali kiasi kwamba biro yangu ilitoa wino mwingi na kuchafua. Hakunitazama. Wa sita, saa tano na dakika saba, alikuwa mbele ya wote, na mimi nilisimama kabisa, nikaingia hatua mbili barabarani na kumwekea kikombe njiani, karibu kabisa na usukani. Aliugonga mkono wangu kwa kiwiko. Leo najua alikuwa anajaribu kutonigonga. Maji yalinimwagikia miguuni na kwenye vumbi, na ndipo ile harufu ikapanda.

Watoto wote wakacheka. Kioko akasema, "Nilikwambia."

Sikulia. Nilirudi nikakaa, nikaweka alama ya sita mahali pake na saa yake. Kisha kikombe nikakiweka chini mdomo ukiangalia ardhi.

Mzunguko wa saba alipita saa tano na dakika kumi na saba. Najua kwa sababu niliitazama saa. Alipita na baiskeli nyingine tatu za waliokuwa nyuma mzunguko mzima, vumbi likawafunika wote, na mimi nikaacha kalamu imelala juu ya daftari. Sikuandika. Sikupiga kelele. Nilikunja mikono. Nimejiuliza mara nyingi ni kiasi gani kilikuwa hasira ya kikombe na kiasi gani kilikuwa kumpenda Mutua, na sijapata kiwango ninachoweza kukiapia. Nilichotaka nakijua. Nilitaka yule mtu akose kitu kimoja kutoka kwangu, kama nilivyokosa mimi kutoka kwake.

Nilidhani ningerudisha baadaye. Hilo nalo nalikumbuka vizuri. Lakini alipotokea tena, saa tano na dakika ishirini na saba, nikaona kwamba nikiweka alama mbili pamoja nitaandika saa gani kando ya ile ya kwanza? Na nikiiingiza katikati itabidi nifute. Daftari lenye kufutwafutwa halipokelewi. Nikaweka alama moja, ya saba, nikasema, "Bado tatu."

Aligeuza kichwa. "Tatu?"

"Tatu."

Macho yake yalikuwa mekundu na uso umekauka, hauna jasho tena. Wengine wote walikuwa wamelowa. Akaitikia kwa kichwa, akaenda.

Mutua alikuwa nyuma ya Shee kwa hatua kama mia mbili. Kioko aliita, "Bado mbili!" na mimi nikapiga hesabu, nikajua kwamba Mutua akimaliza, Shee, ambaye yuko mbele yake, atakuwa bado anadaiwa. Mzunguko uliofuata nilisema, "Bado mbili." Kioko akasimama wima kwa ajili ya Mutua. Mwalimu mkuu akamwona, akakunjua kitambaa. Akanitazama mimi pia. Nilikuwa nimekaa.

"Huyu wa mikate yuko nyuma?" akaniuliza.

Ilikuwa nafasi ya kusema. Ilikuwa nafasi pana, ya dakika kumi nzima. Nikamwonyesha daftari. Akahesabu kwa kidole, nane, akarudi mahali pake.

Saa sita kasoro dakika kumi na tatu Shee alikata kona ya kambi akiwa peke yake. Wauza samaki na watu wa tanuri wakaanza kupiga makofi, wengine wakasema, "Kamaliza huyo," wengine wakasema, "Bado, kapitwa mara moja." Hakuna aliyekuwa na hakika, na mwalimu mkuu alikuwa ameshikilia kitambaa chini. Shee alipunguza mwendo kwangu mimi. Hakumwangalia mwalimu wala mgeni rasmi.

"Bi Karani. Bado ngapi?"

"Moja," nikasema.

Alinitazama kwa muda ambao ningeweza kuhesabu hadi tatu. Sijui aliona nini. Alikuwa amesema atashika nitakalosema, na akalishika. Akasimama juu ya pedali kuiamsha baiskeli, ikayumba, akaondoka. Nyuma yake Mutua akafika, kitambaa kikapungwa, watu wakamnyanyua juu pamoja na baiskeli.

Mimi niliitazama saa. Mzunguko ulikuwa dakika kumi. Dakika kumi zikapita. Wa tatu akamaliza, wa nne akamaliza. Dakika kumi na mbili. Mama yangu alikuwa akiimba na wanawake wengine wa kwetu, Mutua akicheza katikati yao bila shati. Dakika kumi na nne nikasimama, nikaenda kwa mwalimu mkuu, nikamwambia, "Shee hajarudi."

"Ameacha, labda."

"Hawezi kuacha," nikasema. "Nimemwambia imebaki moja."

Walimkuta kwenye mikorosho. Walimleta kwa mkokoteni wa kubebea mchanga, miguu ikining'inia, baiskeli ya tajiri imelazwa ubavuni mwake. Ngozi yake ilikuwa ya moto na kavu. Mtu alimwinua kichwa akamtia kikombe mdomoni, naye, japo macho hayakuwa yanaona, akauma meno. Maji yakamtiririka kidevuni. Wakajaribu tena, wawili wakimshika taya. Ndipo Bi Rukia alipopasua umati kwa mikono yake miwili.

"Mwacheni. Amefunga huyo."

"Amefunga nini, Bi Rukia? Ramadhani si imekwisha?" mwalimu mkuu akauliza.

"Afunga sita. Baada ya Idi watu hufunga siku sita, na leo ndiyo yake ya mwisho, mamake alinambia. Alitaraji kumaliza saa tatu akalale. Mwagieni mai kitwani, kwapani, tumboni. Ndoo nzima."

Ndoo iliyokuwa karibu ilikuwa yangu. Haikuwa imepungua hata kikombe kimoja, ukitoa kile kilichomwagika. Wakammwagia yote. Bi Rukia akapiga magoti kwenye tope, akamwekea mdomo sikioni, na kwa kuwa watu walikuwa wamenyamaza sote tulimsikia. "Shee. Mwanangu. Hii ni sunna, si faradhi. Fungua. Mngu haitaki roho yako kwa hili. Fungua, sikia."

Ilichukua muda. Kisha meno yakaachana, na akanywa kutoka kiganja cha Bi Rukia, kidogo kidogo, na alipokwisha kunywa akafunika uso wake kwa mkono. Nilielewa hapo kwamba siku ile ya sita nayo ilikuwa imekwenda.

Alipelekwa zahanati, akaongezwa maji ya mshipa, na kufikia Alasiri habari zikaja kwamba amekaa kitako na anauliza baiskeli ya tajiri iko wapi. Kambini kwetu Mutua alinunua mbuzi. Alinunua kreti mbili za soda na mchele wa biriani, akasema leo dada hapiki ugali. Nilipewa figo na soda ya machungwa. Nilikula. Ningependa kuandika kwamba sikuweza kula, lakini nilikula.

Siku ya pili, baada ya ibada, baba alikaa mezani na madaftari kumi na manne, akayapitia moja moja kama alivyopitia kila kitu. Alipofika kwangu alikawia. Aliita jina langu kwa sauti ya kawaida.

"Mumbua, soma hapa."

Nikasoma, "Saa tano na dakika saba."

"Inayofuata."

"Saa tano na dakika ishirini na saba."

"Mizunguko yake yote ni dakika tisa, kumi. Huu ni wa dakika ishirini. Alisimama?"

"Hapana."

"Alianguka?"

"Hapana, baba."

Nikamwambia yote, kikombe, Kioko, alama, na kwamba sikutaka kufuta. Mama alikuwa mlangoni na chungu mkononi. Baba alivua miwani akaiweka juu ya daftari, kisha akatoka akaenda kugonga chumba cha mwisho.

Nilisikia kupitia mabati. Mutua alidhani ni mzaha. Kisha akasema, "Kwa hiyo nilimfuata nyuma wakati wote, nami nikanyanyuliwa juu?" Kisha, kwa sauti ya chini, "Na yule mtu alikuwa hajanywa maji tangu usiku."

Tulikwenda watatu, baba, Mutua na mimi, kwa miguu, hadi nyumba aliyopanga Shee nyuma ya tanuri. Alikuwa amekaa kwenye kitanda cha kamba, Bi Rukia akimkorogea uji. Baba alieleza matokeo kwanza, kwamba yeye ndiye aliyeshinda, saa sita kasoro dakika kumi na tatu, na atamwambia mwalimu mkuu ayatangaze upya. Kisha akanisogeza mbele kwa bega.

"Niliacha alama moja," nikasema. "Ulikataa maji yangu."

"Nikwambie naliwaza nini kila nilipokuona umeketi na kile kikombe?" Shee akasema. "Naliwaza, huyu mtoto angekaa mbali nami kidogo, ningesahau kiu." Alijaribu kucheka ikatoka kikohozi. "Ungeuliza tu."

"Wewe nawe ungesema," Bi Rukia akamwambia. "Mtoto wa watu atajuaje?"

"Funga haisemwi, Bi Rukia. Ukiitangaza imekuwa ya nini?"

Bi Rukia akaendelea kukoroga uji. Mimi nilikuwa nimeinamisha kichwa. Sikuambiwa nimesamehewa, na sikuomba, kwa kuwa sikujua bado kwamba huombwa.

Mutua alitia mkono mfukoni akatoa noti zilizokunjwa, akazinyosha moja moja juu ya kitanda, za mia tano kwanza, kisha za mia, hadi mfuko ukaisha. Shee alimwacha ahesabu hadi mwisho na wala hakuzigusa. Zilikuwa elfu mbili mia tatu na hamsini, na baiskeli ya Mokowe ilikuwa elfu tatu. Mbuzi, mchele na soda, pamoja na ile yangu ya machungwa, vilikuwa vimekula shilingi mia sita na hamsini.